Sarafu za kumbukumbu za fedha: mwongozo kamili kwa anayeanzia Mbeya, Iringa au Njombe

Kila baada ya miezi michache mtu hunijia kibandani Mwanjelwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Anatazama kulia, anatazama kushoto, ndipo anafungua. Ndani mna rupia, sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni. "Fundi, hii ni ya Mjerumani kabisa. Nasikia Dar kuna mtu anazitafuta, anatoa milioni mia mbili." Mimi sijibu. Naiweka kwenye mizani.

Kazi yangu ni redio na simu. Mizani ndogo nilinunua kwa ajili ya kupima risasi ya kulehemu, na sumaku za spika zimejaa mezani, kwa hiyo watu wakazoea kuniletea vyuma vyao nivitazame. Ndivyo nilivyonasa. Leo nina kasha lenye sarafu za kumbukumbu, zile zinazopigwa ili nchi ikumbuke jambo: uhuru, mnyama anayetoweka, ugeni mkubwa. Haya ninayoandika ni kwa mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kuanza akiwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako hakuna mnada wa sarafu wala duka lake.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Kiswahili chetu kinaita "fedha" madini na kinaita "fedha" pesa za matumizi, na si bahati mbaya, kwa sababu zamani vilikuwa kitu kimoja. Humu nikisema fedha namaanisha madini. Nikitaka zile za kununulia unga nitasema pesa.

Hatua ya kwanza: jua ni kitu gani unakusanya

Si kila sarafu kubwa inayong'aa yenye picha ya rais ni fedha. Kosa hili ndilo la kwanza kwa kila anayeanza, na mimi nililifanya kwa furaha kabisa.

Chukua ile shilingi tano ya Tanzania ya mwaka 1971, yenye pembe kumi, iliyotolewa kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Ni sarafu ya kumbukumbu, tena nzuri, lakini ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Zambia nao mwaka 1965 walitoa shilingi tano kubwa yenye sura ya Kaunda kukumbuka uhuru wa tarehe 24 Oktoba 1964. Nayo ni shaba na nikeli. Hata Waingereza, Churchill alipofariki mwaka 1965, walimpigia sarafu kubwa ambayo haina chembe ya fedha. Zote hizi zinafaa kukusanywa, tena ni rahisi kupatikana, ila usizilipie bei ya fedha.

Sarafu ya kumbukumbu ya fedha kwa kawaida haiingii sokoni kabisa. Inatolewa kwa wakusanyaji, ina jina la nchi, ina thamani iliyoandikwa juu yake, na nyaraka zake hutaja uzito na usafi. Usafi husomwa kwa elfu: 999 ni fedha tupu, 925 ni sehemu 925 za fedha na zilizobaki shaba, 500 ni nusu kwa nusu. Kipande kisicho na jina la nchi wala thamani ni medali, hata kama kimeandikwa 999. Medali si kitu kibaya, ila si sarafu, na ukija kuiuza wakusanyaji wengi watakulipa fedha iliyomo tu.

Utakutana pia na neno "prufu". Ni sarafu iliyopigwa kwa uangalifu wa pekee, uwanja wake unaakisi kama kioo na picha imekaa kama ina umande. Ukigusa uwanja huo kwa kidole umeacha alama ya maisha.

Hatua ya pili: jifunzie kwa sarafu za babu

Rupia ya Mjerumani si sarafu ya kumbukumbu. Ilikuwa pesa ya kawaida, ya kulipia kodi. Lakini ndiyo fedha ya kwanza utakayoshika huku kwetu, na hakuna darasa zuri kuliko hilo. Nenda Tukuyu, nenda Kalenga, nenda Kidugala, ukae na wazee. Katika nyumba chache itatoka kwenye kopo la zamani.

Rupia moja ina gramu 11.66, usafi 917. Upande mmoja yupo Kaiser, yaani mfalme wa Wajerumani, Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye ndege mkubwa juu yake. Zile za kuanzia mwaka 1890 hadi 1902 zilitolewa na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na upande wa pili zina ngao yenye simba chini ya mnazi. Kuanzia 1904 serikali ilichukua usukani, simba akaondoka, pakaja shada la majani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Tazama vizuri zile za baadaye utaona herufi ndogo, A au J. A ni Berlin, J ni Hamburg. Kuna nusu rupia ya gramu 5.83 na robo ya gramu 2.92, na ile ya rupia mbili ya 1893 na 1894, ambayo mimi nimeishika mara moja tu, tena haikuwa yangu.

Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani hadi kufa kwake mwaka 1898, alipokuwa akiwindwa, Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Siku moja nilikaa nikapiga hesabu: rupia elfu tano mara gramu 11.66 ni zaidi ya kilo 58 za sarafu. Magunia mawili ya kubebwa na watu wawili, kwa kichwa cha mtu mmoja. Tangu siku hiyo siwezi kuiangalia rupia ya kabla ya 1898 nikaona Kaiser peke yake.

Baada ya rupia ikaja shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, kuanzia 1921. Simba amesimama, milima nyuma yake. Hii ina gramu 7.78, lakini fedha ndani yake ni robo tu, yaani 250. Za mwisho zenye fedha ni za 1946. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, simba yule yule, kwa hiyo soma mwaka kabla hujafurahi. Baadhi za miaka ya vita zina herufi SA, kwa sababu zilipigwa Pretoria.

Ukibahatika utakutana na reale, sarafu pana ya Maria Theresa yenye gramu 28.07 na usafi 833. Zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka wake haukuambii umri. Wazee wanaoita senti hamsini "sumni" bado wanaihesabu reale bila kujua, maana sumni ni sehemu ya nane, na ilikuwa ni sehemu ya nane ya reale.

Ukishapima sarafu ishirini za namna hii kwa mkono wako mwenyewe, mkono unaanza kujua. Ile ya bandia unaihisi kabla ya kuiona.

Hatua ya tatu: chagua mada, tena iwe nyembamba

Hapa ndipo watu wanapopotelea. Nchi nyingi duniani zinatoa sarafu za kumbukumbu kila mwaka, nyingine makumi kwa mwaka. Ukinunua kila inayokupendeza, baada ya miaka mitatu utakuwa na kopo la vyuma visivyosemezana.

Kanuni yangu ni hii: mada iwe na mwisho. Uweze kusema "zikitimia saba nimemaliza". Ukikusanya "wanyama" humalizi hata ukizaliwa mara tatu. Ukikusanya wanyama wa sarafu za hifadhi za nchi tatu zinazopakana, unamaliza.

Hiyo ndiyo mada yangu, nami naieleza kwa urefu kwa sababu inatoshea mtu wa Mbeya kama shati la kushonewa. Miaka ya sabini Mfuko wa Wanyamapori Duniani uliungana na kiwanda cha sarafu cha Royal Mint cha Uingereza, wakazialika nchi nyingi kutoa sarafu za wanyama walio hatarini. Kila nchi ilitoa mbili za fedha na moja ya dhahabu, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye uhifadhi. Tanzania ilitoa zake mwaka 1974: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru mweusi, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Upande wa pili yupo Mwalimu Nyerere. Malawi ikafuata 1978 na punda milia kwenye kwacha 5 na palahala kwenye kwacha 10. Zambia ikaja 1979 na swala wa mabonde ya Kafue na kozi wa Taita.

Sasa simama Uyole, pale njia inapogawanyika. Ukishika barabara ya kusini unafika Kasumulu, ng'ambo ni Malawi. Ukigeuza gari upite Mbeya mjini uende magharibi, unafika Tunduma, ng'ambo ni Zambia. Sarafu sita za fedha, nchi tatu, na zote mpaka wake unafikika kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo. Dhahabu nimeiacha, si ya mfuko wangu.

Sarafu hizi zilitoka kwa namna mbili, na bei zinatofautiana sana. Ya kawaida ni fedha ya 500. Prufu ni fedha ya 925, ile ya twiga gramu 28.28 na ile ya faru gramu 35. Muuzaji akikuambia "ni fedha" bila kusema ni ipi, mizani itasema. Na kuhusu faru: alipowekwa kwenye sarafu 1974 alikuwa bado anaonekana sehemu nyingi za nchi. Majangili wa miaka iliyofuata walimmaliza karibu wote. Walioichora walikuwa wanaonya, wala hawakuwa wanapamba.

Mada nyingine zinazofaa watu wa huku:

Ugeni wa Papa Paulo wa Sita nchini Uganda mwaka 1969, Papa wa kwanza kufika Afrika akiwa madarakani. Uganda ilitoa sarafu sita za fedha ya 999, ndogo ikiwa shilingi 2 yenye gramu 4 na kubwa shilingi 30 yenye gramu 60. Namfahamu katekista mmoja wa upande wa Njombe anayezitafuta moja moja. Ana tatu, na hana haraka.

Uhuru. Tanzania Bara ilipotimiza miaka 50 mwaka 2011, Benki Kuu ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi 50,000. Ukitaka za uhuru wa nchi za Afrika peke yake utapata kazi ya kutosha, ila weka mpaka, kwa mfano zile za mwaka wenyewe wa uhuru tu.

Michezo, hasa Olimpiki, ina historia ndefu tangu Finland walipotoa markka 500 ya fedha kwa michezo ya Helsinki ya 1952. Mimi haijanivuta. Ni sarafu nyingi mno, Munich na Montreal peke yake zinajaza kasha.

Halafu kuna tembo wa Somalia. Ni sarafu maridadi ya wakia moja, gramu 31.1, usafi wa juu kabisa, inatoka kila mwaka na picha inabadilika. Kabla ya 2004 ilikuwa na jina la Zambia. Inapigwa Bavaria, Ujerumani, na wala haijawahi kununua kilo ya sukari Mogadishu. Siku hizi hata jina la Tanzania linatumika hivyo kwenye sarafu za fedha zinazouzwa Ulaya na Marekani, zenye picha za wanyama wa porini, na Mtanzania wa kawaida hajui kama zipo. Wengine hawazipendi kwa sababu hiyo. Mimi nasema nunua ukipenda picha, ila ujue unanunua picha na madini. Historia ya nchi haimo.

Hatua ya nne: mizani, sumaku na kikombe cha maji

Usinunue sarafu hata moja kabla hujanunua mizani inayosoma hadi 0.01 ya gramu. Ipo kwenye maduka ya vifaa vya masonara na mitandaoni, na bei yake ni ndogo kuliko hasara ya rupia moja ya bandia. Ongeza kalipa ya kupimia kipenyo na lenzi ya fundi saa.

Sumaku ni kipimo cha kufukuza, si cha kuthibitisha. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikishikwa na sumaku, si fedha, mrudishie mwenyewe umtakie safari njema. Isiposhikwa bado inaweza kuwa shaba, risasi au nikeli iliyochanganywa.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni maji. Nakieleza taratibu kwa sababu nimeona watu wakikikosea.

Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka kikombe chepesi chenye maji kwenye mizani, kisha bonyeza kitufe isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni. Unaishikilia wewe, mizani haibebi sarafu. Usomaji utapanda kidogo. Gawanya uzito wa kavu kwa usomaji huo. Jibu ndilo linalotaja madini.

Mfano wa rupia: kavu gramu 11.66, majini usomaji kama 1.13. Gawanya, unapata kama 10.3. Hiyo ni fedha ya 917. Bandia ya shaba ya njano yenye uzito ule ule itasoma karibu 1.37 na jibu litakuwa kama 8.5. Shaba na nikeli ni 8.9. Fedha nusu kwa nusu inakaribia 9.7, shilingi ya simba 9.3, fedha tupu 10.5, na risasi 11.3. Mapovu yakiganda kwenye sarafu jibu linaharibika, kwa hiyo itikise kidogo majini kwanza. Ukimaliza, ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini. Usiifute.

Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua, 11.4 au 11.3, hiyo si kasoro. Ikizidi 11.66 kwa gramu nzima, hapo shtuka. Tazama pia ukingo. Rupia nyingi zilitobolewa au kuunganishwa kikonyo ili zivaliwe shingoni, na tundu likizibwa baadaye kwa fedha nyingine, lenzi inaliona kama kovu.

Hatua ya tano: piga hesabu ya sakafu

Kila sarafu ya fedha ina bei ya sakafu, yaani thamani ya madini yake. Uzito mara usafi mara bei ya gramu moja siku hiyo. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa wakia, na wakia ya madini ni gramu 31.1, siyo ile ya mizani ya jikoni.

Tuseme gramu moja ni shilingi 3,000, kwa mfano tu, ya leo iangalie mwenyewe. Rupia ina fedha tupu gramu 10.69, sakafu yake ni kama 32,000. Shilingi ya simba haifiki gramu 2, sakafu ni chini ya 6,000. Prufu ya twiga ina gramu 26.16, sakafu ni kama 78,000. Kinachozidi hapo ni hali ya sarafu, uchache wake na hamu ya mnunuzi. Rupia ya kawaida iliyochakaa haiendi mbali na sakafu. Ndiyo maana sijibu mtu anapotaja milioni mia mbili. Sijui kumvunja mtu moyo kwa adabu, naiachia mizani.

Hatua ya sita: wapi utazipata, na nani atakuibia

Anza na tawi la Benki Kuu pale Mbeya, ukaulize kama wana sarafu zozote za kumbukumbu za kuuza. Kuuliza hakulipiwi. Kisha zungukia masonara. Sonara hununua fedha ya kuyeyusha, na kwenye bakuli lake rupia na pete zilizokatika hulala pamoja. Mwambie akuwekee sarafu, utampa kidogo juu ya bei ya kuyeyusha. Mimi nimeziokoa tisa kwa njia hiyo.

Kwa wazee nenda kwa adabu na muda. Kunywa chai, sikiliza. Usimpunje bibi kwa sababu hajui bei: mpimie mbele yake, mwonyeshe hesabu. Bibi mmoja wa Rungwe baada ya kuona namba kwenye mizani alicheka, akasema, "Ndaga, mwanangu. Yule wa juzi alinipa elfu tano akaniambia ni huruma yake tu." Aliniuzia moja, nyingine mbili akazirudisha kwenye kopo kwa ajili ya wajukuu. Nilifurahi kwa zote tatu.

Sarafu za hifadhi na za Papa utazipata zaidi mtandaoni, Ulaya na Marekani. Soma tovuti ya Numista kwanza, ina picha, uzito na usafi wa kila sarafu, bure. Omba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Nunua ndogo kwanza, uone kama mzigo unafika na forodha inakutoza nini, ndipo ununue kubwa.

Sasa matapeli. Wapo wanaodai rupia ina "nguvu": inavuta mchele, inazima redio, inasimamisha saa. Walikuja kwangu watu wawili, mmoja amevaa suti, wakaomba redio yangu. Rupia ikasogezwa, redio ikanyamaza. Kwa bahati mbaya yao nilikuwa nimeifungua redio hiyo asubuhi na nilijua waya wa betri umelegea, ukiitikisa meza inazima. Nikaitikisa meza mwenyewe bila rupia. Ikazima. Mchele wao nikaumwaga juu ya karatasi nikapitisha sumaku ya spika chini yake: punje zikatembea, zimepakwa vumbi la chuma. Na mwenye suti alikuwa na sumaku kwenye pete. Waliondoka bila kuaga.

Mchezo wao hauko kwenye rupia. Uko kwenye "ada ya vipimo" na "ada ya kibali" utakayoombwa kabla mnunuzi hajafika, na mnunuzi hafiki. Ndugu yangu wa damu alitoa pesa ya mbegu za viazi za msimu mzima kwa ada hizo. Fedha ni madini, haivuti mchele.

Jihadhari pia na rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916, yenye tembo mbele ya milima. Ya kweli ilipigwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita na inathaminiwa sana, kwa hiyo bandia zake hazihesabiki.

Na usichimbe. Hadithi za mali ya Mjerumani chini ya mwembe zimetoboa viwanja vingi kutoka Iringa hadi Kyela. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na uchimbaji wa kutafuta mambo ya kale unahitaji kibali. Shamba lako ukilima na rupia ikatoka, sawa. Kuvamia boma la zamani na sululu ni jambo jingine.

Hatua ya saba: usisugue

Rupia yangu ya kwanza ilitoka kwa marehemu babu. Ilikuwa nyeusi, kingo zake na rangi ya buluu na zambarau kama mafuta juu ya dimbwi. Nikaona uchafu. Nikachukua majivu na ndimu nikasugua mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Mzee mmoja mkusanyaji alipoiona alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Nani kakufanyia hivi?" Weusi ule ni ngozi ya fedha, inajijenga kwa miaka mingi kutokana na salfa ya hewani, na ndiyo inayomwonyesha mjuzi kwamba sarafu haijaguswa. Mikwaruzo ya majivu haiondoki. Hadi leo ninayo, nawaonyesha wanaoanza.

Kama kuna udongo, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, lakini soma chupa mara mbili: uwe umechukua maji, si asidi. Dawa ya meno, sabuni ya unga, steelwool, vyote viache jikoni.

Hewa yetu ina kazi yake. Tukuyu hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi za huku zina moshi wa kuni. Usihifadhi sarafu chumba kinachopakana na jiko. Usizifunge kwa gazeti wala mpira wa kufungia pesa, vyote vina salfa. Vifuko laini vya plastiki, kama vile vya kuwekea kitambulisho, vinatoa majimaji ya kijani yanayonata na kula sarafu. Tafuta vidonge vya plastiki ngumu vilivyotengenezwa kwa sarafu, au vikadi vyenye dirisha. Ndani ya kasha weka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Msimu wa mvua navikausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mara moja kwa mwezi.

Na ukishika sarafu, shika ukingo, juu ya khanga iliyokunjwa. Zinaanguka. Zote huanguka siku moja.

Hatua ya nane: daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Counter book moja inatosha. Kila sarafu ipe ukurasa: nchi, mwaka, uzito ulioupima wewe, usomaji wa majini, bei, tarehe, na iliyotoka mkononi mwa nani. Hilo la mwisho watu huliruka na ndilo linalonikaa mimi moyoni. "Kutoka kwa bibi wa Rungwe, baada ya chai, alibakiza mbili" lina uzito wake hata kama mizani haiupimi. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa dirishani, taa ya simu ikiwa imezimwa.

Andika pia ukurasa wa mbele, kwa watu wa nyumbani, kwa lugha rahisi: hivi ni nini, vina fedha kiasi gani, visiuzwe kwa mtu wa kwanza. Huo mimi niliuandika kwa kuchelewa. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikuja likizo, akaona kasha liko wazi, akachukua twiga wangu wa 1974 akaenda dukani kununua pipi. Alirudi amenuna.

"Mjomba, mama wa duka kaikataa."

"Kasema nini?"

"Kasema shilingi ishirini na tano haitoshi, niongeze."